Mdogo Mtu, Mtani Wangu wa Kibuta

Nikianza kumsimulia kwa wajukuu zangu huanza kwa kumtukana, nao hushangaa bibi yao anamtukanaje mtu huku machozi yanamlengalenga. Hawakumwona. Alikuwa mwembamba, masikio yamemzidi kichwa, na ile shuka nyeupe ya kwao Uhindini aliyoipitisha katikati ya miguu na kuichomeka nyuma. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtu mzima hatembei na winda la mtoto mchanga. Yeye hujibu kwamba afadhali winda lake, maana amelifunga mwenyewe, kuliko kanga yangu iliyofungwa na upepo.

Sijui alizaliwa wapi huko kwao, na ukoo wake sikuuliza. Kwenye utani ukoo wa mtu huulizwa ili upate pa kumtukania, na mimi matusi nilikuwa nayo ya kutosha. Jina alikuwa nalo, ila Kibuta nzima tulimwita Mdogo Mtu, kwa sababu dukani walikuwa wawili, yeye na kaka yake. Yule mkubwa tukamwita Kaka Mtu. Duka lilikuwa la Kaka Mtu, mizani ya Kaka Mtu, na sauti iliyosikika mle ndani ilikuwa ya Kaka Mtu. Mdogo Mtu alikuwa wa kupima, kufagia, kubeba magunia na kuzungumza na watu.

Mimi nilikuwa nauza vitumbua barazani pa duka hilo. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kwa miguu na mizigo ya watu kichwani, akaoa huku na kuzikwa huku. Kwa hiyo kwa Wazaramo mimi ni mtani, na mtani ana ruhusa zake. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Ukifiwa, anakuja kukurukia msibani, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa akitembea, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Akiondoka na kitu chako huendi kumshtaki. Unakikomboa kwa kuku au kwa ndizi, mnacheka, yamekwisha. Nilipokuwa na miguu yenye nguvu, hapakuwa na msiba Kibuta nilioukosa.

Mdogo Mtu aliingia kwenye utani kwa mdomo wake mwenyewe. Siku za mwanzo alinunua kitumbua changu, akakigonga mezani, akaniuliza kama nimekichimba kwenye machimbo ya mawe ya Pugu. Nikamwambia kwao hawali nyama kwa kuwa hawajaota meno. Mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuja kununua chumvi akasema basi, hawa wameshakuwa watani, na watu wote waliokuwepo wakawa mashahidi. Toka siku hiyo hatukuwahi kusalimiana vizuri hata mara moja.

Mambo yake mengi hayakuwa na mguu wala kichwa. Dukani waliuza mitego ya panya, naye ndiye aliyekuonyesha jinsi ya kuitega, lakini panya wa duka lenyewe aliwakamata kwa kikapu na kwenda kuwaachia mbali. Mbali kwenyewe kulikuwa shambani kwa jumbe. Jumbe alilalamika mwaka mzima kwamba mihogo yake inaliwa, akaja kununua mitego, na Mdogo Mtu akamuuzia kwa uso wa huruma. Kibaba cha nafaka Kaka Mtu alikipitishia kijiti juu kikawa sawasawa. Mdogo Mtu alipobaki peke yake alijaza mpaka nafaka inamwagika, kisha anaokota zilizomwagika na kukuongezea.

Ila jambo lililonichosha ni namna alivyokuwa na kaka yake. Alimtii katika kila kitu. Hakula kabla yake, hakukaa kabla yake, na wakienda safari alitembea nyuma amembebea kikapu cha chakula. Halafu mtu huyo huyo humpinga kaka yake mbele ya wateja, tena kwa Kiswahili ili sote tusikie. Siku moja lori lilileta mchele mbovu. Akasema wazi, "Kaka, mchele huu una mawe, watu watavunjika meno." Kaka Mtu akamwambia apime. Akapima. Akanipimia mimi mchele wenye mawe, kisha akaketi na ungo wangu barazani kunisaidia kuyachagua. Nilimuuliza faida ya kusema ni nini ikiwa mkono unafanya kilekile. Akasema, "Nimesema, nimemaliza." Hilo lilikuwa neno lake la kufungia kila shauri, na lilinikera kupita kiasi.

Mchana ulipokuwa mkali na wateja hakuna, alikuwa akinisimulia hadithi za kwao. Nyingi nilizipenda, zilikuwa na vita, wafalme na watu wa kuruka baharini. Lakini shujaa wake yeye hakuwa miongoni mwa hao wakubwa. Alimpenda mmoja aliyeitwa Vikarna, ambaye hata wenzake wa dini yake waliopita na malori walimkumbuka kwa shida.

Kisa chenyewe, alivyonieleza, ni hiki. Palikuwa na mabinamu waliogombea ufalme, upande mmoja ndugu watano, upande wa pili ndugu mia. Mkubwa wa wale mia aliwaita watano kwenye mchezo wa dadu, na dadu zilikuwa na hila. Mkubwa wa watano akacheza akapoteza mali, akapoteza nchi, akawapoteza ndugu zake, akajipoteza na yeye mwenyewe. Mwisho akamweka dau mke wao, mmoja kwa wote watano, naye akapotea. Mwanamke yule akaburutwa kwa nywele mpaka barazani mbele ya wanaume. Akauliza swali moja: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe amepata wapi haki ya kumchezea mwingine? Walikuwepo mababu, walimu wa vita, wafalme, watu wenye heshima zao. Wote wakatazama chini. Akasimama Vikarna, mmoja katika wale mia, mdogo wa yule yule mkubwa aliyeamuru. Akasema mwanamke huyu hakushindwa, na hili tunalolifanya ni uovu. Wakamwambia akae, yeye ni mtoto.

"Halafu?" nikamuuliza.

Halafu vita vikaja, na Vikarna akapigana upande wa kaka yake. Akafa huko. Yule binamu aliyemuua alimlilia.

Nilikasirika kama vile Vikarna alikuwa jirani yangu. Nikamwambia huyo ni mjinga, alitakiwa avuke aende upande wa haki. Mdogo Mtu akakubali kwamba yuko ndugu mwingine aliyevuka, tena huyo alipona. "Lakini mimi nampenda huyu," akasema, akaenda kumpimia mtu mafuta. Nilibaki na hasira zangu na vitumbua vyangu, maana sikuona uzuri wa shujaa anayesema kweli asubuhi na kubeba silaha za kaka yake jioni.

Vita vya kweli navyo vilikuja, vile vya pili vya dunia. Nguo zikaadimika. Zikifika zinagawiwa, na mgawaji wa Kibuta alikuwa Kaka Mtu. Wanaume wazima waliokuwa wakimpita bila salamu sasa wakawa wanampisha njiani. Jumbe na wazee wake walikuwa na wake na mabinti, na wanawake hawakai uchi. Hapo ndipo heshima ya Kaka Mtu ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote.

Katikati ya hayo ikaja simu ya maandishi kutoka kwao kwamba mama yao amefariki. Wakanyoa vichwa wote wawili. Kaka Mtu akaenda Dar es Salaam kwenye ibada na wenzao, Mdogo Mtu akabaki kulinda duka. Alikaa chini sakafuni, kichwa kinang'aa, hali, hasemi. Niligonga meza, nikamtukana, hakujibu. Mtani asipojibu ujue amezidiwa, na moyo wangu uliuma sana kwa sababu nilimpenda mtu yule, nasema wazi. Alifiwa mbali, hakuona kaburi, na hapakuwa na mtu wa kwao wa kumfariji.

Basi nikafanya kazi yangu. Ukutani palitundikwa mwamvuli wa Kaka Mtu, mweusi, mpini wake wa fedha, aliokuwa akitoka nao hata jua likiwa limejificha. Nikauchukua, nikaufungua mle mle dukani, nikatoa tumbo mbele na kutembea kama Kaka Mtu anavyotembea akienda kudai heshima. Nikatangaza kwamba mwenye duka sasa ni mimi, marehemu mama ameniachia urithi. Watu wakajaa mlangoni wakicheka. Mdogo Mtu alitazama, midomo ikamcheza, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, na baada ya kucheka ndipo akalia kwa sauti. Akala kitumbua. Nikaondoka na mwamvuli wangu barabarani kwa madaha, nikajua kesho au keshokutwa ataukomboa kwa kipande cha sabuni, kama ilivyo desturi.

Kaka Mtu alirudi kabla haujakombolewa. Yeye utani hakuujua. Alichokijua ni kwamba mama yake amekufa, mwanamke wa vitumbua amecheka dukani kwake, na mwamvuli aliopewa na baba yake uko nyumbani kwa mwanamke huyo. Mdogo wake alimweleza, hakutaka kusikia. Akaenda kwa jumbe akanishtaki wizi. Alitaka nipelekwe Boma Kisarawe nikafungwe. Binti yangu alikuwa na posa njiani.

Baraza lilikaa uani kwa jumbe. Kaka Mtu alipewa kiti, mdogo wake amesimama nyuma yake, mimi nimekaa chini kwenye mkeka. Mwamvuli uliwekwa katikati. Jumbe akaniuliza kama niliuchukua, nikasema ndiyo. Akauliza kama niliomba ruhusa. Nikamwambia mtani haombi, na wewe jumbe unalijua hilo, maana nilipoondoka na kofia ya marehemu baba yako ulinikomboa kwa jogoo.

Jumbe akawageukia wazee, akauliza kama kuna mwenye neno. Niliwatazama mmoja mmoja. Nilikuwa nimeruka kwenye misiba yao wote. Yuko niliyelala kwenye kaburi la mkewe nikikataa kutoka mpaka nipewe chai, na alicheka siku ile na machozi usoni. Sasa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kila mmoja alikuwa na mke anayesubiri kanga. Sijapata kuogopa kimya kama kimya kile.

Jumbe alikuwa ameshamwita tarishi wake nipelekwe Boma. Ndipo Mdogo Mtu akatoka nyuma ya kiti cha kaka yake, akaja mbele.

"Huyu hakuiba," akasema. "Mwamvuli aliuchukua mbele yangu, mimi nikicheka. Mama yangu amekufa, watu wote walikuja kununua, huyu peke yake alikuja kunifariji. Kama ni mwizi, basi wazee wote hapa mliibiwa na mlimpa na kuku juu. Mnajua. Mimi mgeni najua, nyinyi mnajua zaidi."

Kaka Mtu akamkemea kwa lugha yao. Hakuhitaji mkalimani mtu, alikuwa anamwambia akae. Yeye akamjibu kwa Kiswahili, kwa adabu, mikono ameiunganisha mbele: "Kaka, unakosea. Nimesema, nimemaliza."

Hapo jumbe alipata pa kutokea. Akasema ikiwa nyumba ya mshtaki yenyewe haina neno moja, yeye hawezi kumpeleka mtu Boma, na mali yenyewe hii hapa, mwenyewe aichukue. Kaka Mtu akainuka, akachukua mwamvuli. Akasema, "Mwamvuli nimeupata." Basi. Hakusema sikuiba. Akaondoka, na yule mdogo wake, aliyetoka kumwaibisha mbele ya baraza zima, akaokota kikapu chake akamfuata nyuma kama kawaida.

Sikufungwa, lakini sikusafishwa. Hilo ndilo lililonitafuna miaka yote iliyofuata. Kesi ilikufa bila mshtaki mwenyewe kusema neno lile moja, kwamba sikuiba. Posa ya binti yangu ilikuja kwa kuchelewa, baada ya watu wa upande wa mume kuulizauliza. Nikiingia nyumba ya mtu kumsalimia, mwenye nyumba huacha kazi yake na kuja kukaa karibu nami, na mama mmoja alikuwa na tabia ya kuvuta kikapu chake miguuni kila nikiketi. Misibani niliacha kwenda. Mtani anayeogopwa kugusa kitu hana kazi msibani.

Barazani pa duka nilifukuzwa, nikawa nauzia njia panda. Mdogo Mtu alikuja kila asubuhi kwa miguu kununua, na kuvitukana. Siku moja nilimpasulia. Nikamwambia yeye ni yule Vikarna wake, anasema kisha anarudi kubeba mzigo wa yule yule aliyekosea, na siku moja atafia upande usio wake. Kwa nini hamwachi? Ana mikono, ana akili, malori yanapita, aende zake.

Alitafuna kitumbua polepole. "Nikiondoka," akasema, "nani atamwambia?"

"Umemwambia nini tangu siku ile?"

"Kila siku namwambia kwamba wewe si mwizi. Tukikaa kula namwambia."

"Anajibu nini?"

"Anasema nile, chakula kinapoa."

Nilicheka bila kutaka. Kisha nikamfukuza, maana wateja walikuwa wanasubiri, na kusema kweli sikutaka aone kwamba nimeguswa. Kwangu mimi maneno yaliyosemwa mezani kwao kwa lugha nisiyoijua hayakuondoa kitu kwenye jina langu pale Kibuta.

Vita vilipokwisha wakahama. Njia kubwa ya Morogoro ilikuwa na magari, na Kaka Mtu alifungua duka Visiga. Walipoondoka Mdogo Mtu alinitukana kwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha akapanda juu ya magunia, na lori likaenda. Sikumwona tena kwa miaka mingi. Nilisikia habari zao kwa watu: Kaka Mtu anaumwa, Kaka Mtu amefiwa na mke, duka bado lipo, Mdogo Mtu hakuoa.

Binti yangu naye akahamia Visiga na mumewe, wakapata shamba. Alipojifungua mtoto wa tatu nikaenda kumtunza, na asubuhi moja akanituma sabuni. Nilipoingia dukani nilimkuta Mdogo Mtu, amezeeka. Nywele zimekuwa nyeupe, masikio yamezidi kukua. Akaniangalia, akasema hakujua kwamba siku hizi makaburi ya Kibuta yanaruhusu watu watoke kutembea. Nikamwambia nimetumwa na wenzangu kumchukua, nafasi yake iko tayari. Watu waliokuwa mle walishtuka, wakadhani tunagombana.

Kaka Mtu alikuwa kwenye kiti karibu na mlango wa ndani. Miguu imemvimba, pumzi anaivuta kwa shida. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa. Sikujua kama amenitambua, nami sikutaka kujua. Nikaomba sabuni yangu.

Kumbe walikuwa safarini. Daktari alisema apelekwe hospitali ya Dar es Salaam, na walikuwa wanasubiri gari la kutoka Morogoro. Hazikupita dakika nyingi likasimama nje, dereva akapiga honi. Duka lilikuwa na wateja, mmoja wao mama niliyemfahamu sana, yule yule wa Kibuta aliyekuwa akivuta kikapu. Alikuwa amekuja kwa mwanawe aliyehamia huku. Aliponiona tu mkono wake ukaenda kwenye kikapu, nadhani hata mwenyewe hakujua.

Mdogo Mtu akaanza kuwaomba watu radhi, anataka kufunga. Akachukua ubao wa kwanza wa mlango.

"Usifunge," Kaka Mtu akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Sauti yake haikuwa tena ile ya zamani, lakini aliikusanya, akaitoa mpaka wa nje wakasikia. "Watu wanunue. Dukani atakaa mtani wetu."

Mdogo Mtu aliganda na ubao wake. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi. Machozi yalimtoka mbele za watu wala hakuyafuta. Nikaona miaka yote ile aliyokula chakula kilichopoa, na nikajua hakuwa amefia upande wowote. Nilitaka kumwambia hayo. Nikamwambia apeleke mgonjwa kwenye gari kabla sijamuuza na yeye.

Wakambeba, yeye upande mmoja, dereva upande wa pili, wakampandisha mbele taratibu. Droo ya fedha waliiacha wazi. Nikazunguka nyuma ya meza, nikafunga kanga yangu vizuri, nikauliza nani wa kwanza.

Yule mama wa Kibuta alitaka mafuta ya taa. Nikampimia. Kikapu alikiacha chini mlangoni alipokuwa amesimama, akaja mezani, akanipa fedha yake mkononi, akangoja chenji.